Mlango, Si Mrango

Jumatatu, 3 Februari. Kitale.

Nimerekodi tangu saa mbili asubuhi. Koo limekauka. Filamu ni ya kale, nyeusi na nyeupe, ya kutisha. Mwanamke amerithi nyumba kubwa. Ghorofani kuna chumba kimefungwa. Basi, hiyo ndiyo hadithi yote. Dakika arobaini nzima hakuna anayekufa, hakuna hata anayezabwa kofi.

Nikajaza. Ndiyo kazi yangu. DJ wa muvi hanyamazi: wazungu wakiongea natafsiri, wakinyamaza naongeza yangu. Mwanamke nimembatiza Jenifa. Nimempa na shemeji mchoyo. Viatu vyake nimevicheka mpaka nikachoka mwenyewe. Alipofika kwenye kile chumba nikapiga ukelele: "Jenifa, wachana na hiyo mrango! Kuna jamaa nyuma yake!"

Mzee Gurmit akazima mashine. Sikujua amesimama nyuma yangu. Ukumbi ni wake, babake aliujenga ukiwa sinema, na makasha ya hizi filamu za kale amerithi pamoja na viti. Akasema, "Nekesa, umeua muvi yangu bana. Umesema kuna mtu. Sasa mimi nangoja nini?"

Nimekasirika. Miaka sita kwa hii kazi, leo nafundishwa kuongea.

Jioni Baba akapiga simu kutoka Matulo, kama kila siku. Mtoto wangu Naliaka, anayekaa kwake, amekula, ameandika hesabu zake, amelala. Halafu akaanza: ile flashi niliyomtumia wiki jana ameimaliza. "Umesema mrango mara tatu. Mlango. L ya limau, R ya reli." Alifundisha Kiswahili miaka thelathini na akashindwa na ulimi wa bintiye. Nikacheka mpaka hasira zikaisha.

Jumatano, 5 Februari. Kitale.

Leo nimekuwa mwanafunzi. Mzee Gurmit alichagua dakika tatu tu: Jenifa anapanda ngazi usiku. Akaniwekea mara tatu.

Mara ya kwanza, filamu ilivyo. Nikaona mambo ambayo miaka yote nimeyafunika kwa maneno yangu. Taa imewekwa chini, karibu na sakafu, kwa hiyo kivuli cha mtu kinatangulia ukutani kabla mwenyewe hajafika. Kamera haionyeshi kinachoogopwa. Inaonyesha uso wa anayeogopa. Halafu Jenifa anatoka kwenye ukumbi wa juu, na kamera inabaki pale pale, inatazama ukuta na zulia. Mbona imebaki? Hakuna mtu. Nikaanza kutazama ile pembe ya giza kwa nguvu. Hakuna kitu. Moyo unadunda kwa sababu ya zulia!

Mara ya pili, bila sauti. Ikawa nusu tu ya hofu. Nilipata nafasi ya kupiga miayo.

Mara ya tatu akanigeuza kiti, nikatazama ukuta. Sauti tupu. Viatu juu ya mbao. Muziki mdogo. Muziki ukakatika. Viatu vikaendelea peke yake, kisha navyo vikasimama. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Mtu mzima, mama wa mtoto, mchana kweupe, maduka yamefunguliwa.

Kisha akanirudisha nyuma kidogo, kwenye jambo ambalo nimelikosa kabisa. Sisi watazamaji tulimwona mtu akiingia kabatini. Jenifa hakumwona. Anakaa mbele ya kioo anachana nywele dakika mbili, kabati liko nyuma yake. Mzee Gurmit akasema, "Yeye hajui. Wewe unajua. Ngoja tu." Nilitaka kumpigia Jenifa simu.

Sikutegemea. Nimeshtuka kweli kweli. Yaani ni ufundi, kama useremala. Mtu amekaa chini akapima: hapa nitawanyima mwanga, hapa nitawanyima muziki.

Jumamosi, 8 Februari. Kitale.

Onyesho la saa nane mchana. Watu kama arobaini. Nilishika maiki nikatafsiri maneno tu, kwingine nikanyamaza, jinsi Mzee Gurmit alivyoagiza.

Dakika kumi za kwanza walinila mzima mzima. "DJ, umelala?" "Sema kitu bana, ama leo umelipwa unyamaze?" Nilikuwa natoka jasho. Kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kuongea, hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Kisha kidogo kidogo ukumbi ukatulia. Kabatini mtu ameingia. Jenifa anachana nywele. Hakuna aliyetafuna kitu. Mlango ukaanza kusogea, pole pole, na mimi kimya, na hapo chupa ya soda ya mtu fulani ikaanguka sakafuni. Yesu! Watu wote walipiga mayowe. Jamaa mmoja mwenye bucha karibu na stendi, mkubwa kama kabati lenyewe, aliinuka akatoka nje na hakurudi. Baadaye nikamkuta kwenye ngazi. Akaniambia, "Si mnaua watu nyinyi?"

Sikufanya chochote. Hilo ndilo linanishtua. Nimewatisha watu kwa kutofanya chochote.

Baba amepiga simu. Naliaka alianguka jana akienda shule, goti limechubuka. Alikuwa anachezacheza kando ya barabara, kajikwaa. Amepakwa dawa. Kabla sijauliza la pili akahamia kwenye muvi: amesikiliza kidogo ile rekodi mpya niliyomtumia Alhamisi, amependa viatu vya yule mama, kisigino kirefu kwenye mbao, unasikia hata ngazi ya tatu imelegea. Ana sikio huyu mzee.

Jumanne, 11 Februari.

Nimeongea na Naliaka. Goti limeanza kukauka. Nikamwuliza alikuwa anacheza mchezo gani. Akasema, "Ni siri yangu na Babu." Basi wawe na siri zao. Mama alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo Baba amebaki na nyumba tupu. Mimi Kitale nina chumba kimoja na jirani anayepiga redio. Baba mwenyewe ndiye aliyesema, mlete mtoto, nimekaa tu. Anampeleka shule kila asubuhi, wanavuka ile barabara kuu ya Bungoma wameshikana mikono. Mama Wafula wa jirani huwapikia. Nashukuru Mungu.

Ijumaa, 14 Februari.

Nimerekodi upya yote. Jenifa hana tena shemeji. Mzee Gurmit alitikisa kilemba, hakusema neno. Kwake hiyo ni sherehe.

Jumapili naenda nyumbani. Nataka Baba awe wa kwanza kuiona ikiwa kamili.

Jumapili, 16 Februari. Matulo.

Niandike pole pole.

Nilifika saa sita. Stima hakuna, lakini nilikuja na kompyuta yangu, ina chaji. Nikaiweka kwenye kigoda mbele ya kiti chake. Nikabonyeza, kile kiduara cha kungoja kikaanza kuzunguka, nami nikaenda jikoni kumtilia chai. Nikasikia sauti yangu ikianza. Nilifurahi. Nilikuwa nacheka peke yangu na birika.

Niliporudi nikasimama mlangoni. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi. Cheusi ti. Mara moja nikajua kosa langu: nimebeba faili la sauti, lile ninalorekodia, picha imebaki Kitale. Nikafungua mdomo niombe radhi.

Hapo nikamwona. Ameinama mbele, macho kwenye kile kioo cheusi, anatikisa kichwa kama mtu anayeridhika. Jenifa alikuwa anapanda ngazi. Baba akasikia kikombe kikigonga kisahani mkononi mwangu, akasema bila kugeuka:

"Picha safi sana hii. Watu wa zamani walijua kupiga picha."

Nilisimama. 

Nikatembea pole pole. Kikombe sikukiweka pale kinapowekwa siku zote, kwenye pembe ya kulia ya meza. Nilikiweka kushoto kidogo, shubiri moja. Mungu anisamehe. Mkono wa Baba ukaenda kulia. Hakuna. Vidole vikatembea juu ya kitambaa, vikatafuta, vikagusa, vikashika. Akanywa. Akasema chai ina tangawizi. Nikapitisha kiganja mbele ya uso wake. Hakupepesa.

Nikavuta kiti nikakaa karibu naye. Tukatazama ule weusi mpaka mwisho, saa moja na nusu. Nilihisi baridi, na ni Februari, mabati yanalia kwa jua. Ilipokwisha akapangusa mdomo. "Mrango mara moja tu. Umejitahidi."

Jioni nikamwogesha Naliaka. Goti lina kigaga kirefu, si cha kujikwaa hicho. Sikumwuliza. Nilinyamaza tu, nikasugua mguu, nikanyamaza. Akaanza mwenyewe.

"Babu anasikiza, mimi naona. Mimi nasema piki, ama roli, ama wazi. Nikisema wazi tunavuka. Ni mchezo. Ati nikiambia mtu, mchezo unaisha."

Siku ile, je?

"Nilisema roli. Babu akasema si roli, ni lori, sema tena. Nikasema lori, nikasema tena lori, nikamwangalia kama nimepata. Roli ikapita. Babu akasema twende. Piki ikakuja nyuma yake na haikuwa na sauti, nikaanguka."

Mtoto ana miaka sita. Miezi yote hii nilidhani Babu anamvusha mtoto.

Naogopa. Nina hasira ya kupasua kitu. Naandika haya nikimsikia Baba sebuleni akimsomea Naliaka hadithi kutoka kitabuni, na sasa najua hasomi.

Jumatatu, 17 Februari. Matulo.

Asubuhi nikasema nawasindikiza. Baba hakupenda, lakini angesema nini.

Tulisimama pale wanaposimama. Ni chini ya mteremko. Sikuwahi kupaangalia. Wenye bodaboda wanaoshuka kutoka upande wa Webuye huzima injini pale juu ili kuokoa mafuta, wanateleza hadi chini kimya kimya. Kila mtu Matulo anajua, mimi nimekulia hapa na najua. Nikamshika Naliaka bega. Boda mmoja akashuka, amebeba kreti za mikate, injini imezimwa, akapita hatua tatu kutoka kwetu. Baba hakugeuza shingo. Alikuwa anatabasamu, anasikiliza trekta iliyo mbali kabisa, upande mwingine.

Nikawavusha mwenyewe.

Tulipomfikisha mtoto na kurudi nyumbani nikamwuliza, tangu lini. Alitaka kunicheka. Nikamwambia habari ya kioo cheusi. Uso ukamshuka, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba baba yangu ni mzee. Akasema jicho la kushoto lilikwenda Mama akiwa hai, na Mama alijua. La kulia limekuwa likififia kutoka pembeni kuja kati. Mama alikuwa anamwambia nani anakuja njiani kabla hajafika, ili awasalimu kwa majina. Alipokufa, Baba akahesabu hatua.

Nikamwuliza, mbona hukuniambia mimi?

"Ungemchukua mtoto."

Nikampigia kelele. Niliyosema siyaandiki. Mama Wafula alitoka jikoni akasimama, akasema yeye alidhani ni uzee tu, halafu akarudi ndani akilia. Baba alikaa wima kama mtu anayesomewa hukumu. Kila nilichosema kilikuwa kweli na bado najuta.

Jumatano, 19 Februari. Bungoma.

Kliniki ya macho. Foleni tangu saa moja, benchi la mbao, sote tunatazama mlango mmoja. Unafunguka, jina linaitwa, unafungwa. Nilijua kabisa kwamba ni daktari tu aliye ndani, na kila ulipofunguka nilishika benchi.

Nesi akamwambia, "Mzee, rara hapa." Baba akalala huku anamsahihisha.

Ni presha ya macho. Inaua mshipa wa nyuma bila maumivu, bila kelele. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi. Kushoto hakuna kitu. Kulia bado kuna mwanga kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Kuna dawa ya kutia asubuhi na jioni ili hicho kidogo kisiende pia. Angekuja mapema, akasema daktari, na hakumalizia.

Nilitaka amalizie. Nilitaka mtu wa kulaumu.

Baba alitoka ameshika mkono wangu. Njiani aliniuliza jambo moja tu: kama nguo za Naliaka nimeshazifunga. Nilikuwa nimezifunga. Ziko kwenye begi la buluu chini ya kitanda tangu jana. Sikumjibu, na yeye ana sikio.

Jumamosi, 22 Februari. Kitale.

Nimeonyesha ile filamu tena. Nimeshindwa kuitazama. Jenifa anachana nywele na kabati liko nyuma yake, na mimi naona barabara.

Maana nilionyeshwa kila kitu. Gazeti analolishika kila Jumapili bila kufungua ukurasa wa pili. Kikombe kwenye pembe moja. Taa ya sebuleni iliyoungua tangu Krismasi na hakuna aliyelalamika. Miaka miwili nimemtumia flashi, na hajawahi kunisifia hata nguo ya mtu mmoja, hata gari, hata farasi. Ni viatu, ni ngazi, ni mrango. Muvi yote ilikuwa mbele yangu nami naifunika kwa maneno.

Nilimwambia Mzee Gurmit. Nilidhani atanipa pole. Aliniuliza ninaenda wapi na mtoto. Nikasema namleta Kitale. Akauliza, na mzee? Nikasema yeye hataki kuacha kaburi la Mama. Akakunja waya wa maiki pole pole, akautia kwenye mfuko pamoja na maiki yenyewe, akanipa. "Sauti unaweza kurekodi hata Matulo. Jumamosi tu ndio unakuja kwangu."

Nimelia mbele ya mwajiri. Aibu tupu. Nikirudi Matulo nalifungua lile begi la buluu, nguo zirudi kabatini.

Alhamisi, 27 Februari. Matulo.

Nimehamia chumba changu cha zamani. Nimetundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Jogoo wanawika kwenye kila rekodi. Baba amekataa fimbo nyeupe siku tatu, leo ameichukua, anasema ni ya kuulia nyoka.

Bado nina hasira naye. Inakuja nikikoroga uji, inaondoka. Jioni namtilia dawa, matone mawili, anafumbua jicho pana kama mtoto na ananiamini kabisa.

Jumamosi, 1 Machi. Kitale.

Nimewaleta wote wawili onyeshoni. Baba kiti cha mbele, Naliaka pembeni. Kwenye ile sehemu ya kabati nilinyamaza kama kawaida. Baba akageuza uso pole pole kuelekea nyuma, kwa watu, sio kwa filamu. Baadaye aliniambia alikuwa anasikiliza watu arobaini wakiacha kupumua. Alisema hajawahi kusikia kitu kama hicho darasani.

Jumatatu, 3 Machi. Matulo.

Mvua ya kwanza ilinyesha jana. Vumbi limelala. Watu wako mashambani.

Tumeenda watatu. Naliaka katikati, mkono mmoja kwa Babu, mmoja kwangu. Tumekubaliana: yeye anasema anachoona, mimi natazama pande zote mbili, Baba anasikiliza. Mchezo haukuisha.

Tukasimama chini ya mteremko. Piki mbili zikapita. Kisha kubwa ikatokea juu, imebeba miwa.

"Roli, Babu," akasema Naliaka.

Baba akafungua mdomo. Nilimwona. Akaufunga.

Lori likapita, upepo wake ukavuta leso yangu. Nyuma yake kimya. Baba akainua kidole kimoja, tungoje. Boda akateleza kutoka nyuma ya miwa, injini imezimwa, tairi likisikika kidogo tu kwenye lami yenye maji. Akapita. Tukaendelea kungoja.

"Wazi," akasema Naliaka.

Nikatazama kulia, kushoto, kulia tena. Kulikuwa wazi. Tukavuka.